Mtende Mdogo wa Samad

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nizwa. Programu imemaliza kuunganisha vipande vya DNA ya mtende wa Mjomba Hamoud, wa kijijini Samad — na imetoa maajabu! Sehemu nzima haifanani na mtende wowote tulionao kwenye kompyuta. Dokta Dalal, bosi wangu, kasema nisimwambie mtu mpaka tuhakikishe. Nimempigia Mjomba kabla sijafika kwenye gari. Mdomo wangu!

Jumatatu, 13 Oktoba

Mjomba hakulala kwa furaha. Miezi yote anashindana na mwanawe Aflah, anayetaka kuukata mtende ule ajenge chumba kabla ya harusi. Sasa umeokoka. Kaniombea dua mpaka nikaona haya.

Maana najua nilichofanya. Mashine inasoma vipande virefu lakini inakosea sana, kwa hivyo inataka vipande vingi vifunikane, programu isahihishe hiki kwa kile. Vya mtende mkubwa vilikuwa haba. Nikavichanganya na vya ule mdogo ulio pembeni yake. Nikajiambia huo ni sarma tu, chipukizi lililong'olewa ubavuni mwa mama yake — damu moja. Sikumwuliza mtu. Uvivu, basi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimempigia Bi Ghanima, mke wa Mjomba, eti kumjulia hali. Kumbe mdogo haukupandwa na mtu! Ulijiotea, pale wanapotupa kokwa za tende wakimaliza kahawa. Na mtende wa kokwa haumfuati mama yake. Programu imeshona miti miwili, mimi nikaiita mmoja.

Nimevitenganisha vipande, nikarudia kazi. Mkubwa ni mtende wa kawaida, kama nusu ya mitende ya Samad. Maajabu yote ni ya mdogo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijamwambia Dokta Dalal. Alikuwa na wageni. Nilifurahi alikuwa na wageni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Samad, chakula cha mchana. Mjomba kampeleka kila mgeni kuuona mtende wake. Aflah hanuni tena, wamepatana: chumba kitasogezwa upande wa pili, ulipo mdogo.

"Tunaukata ule mdogo kesho," kasema Mjomba. "Ule hauna kazi, mwanangu. Wewe umetuokolea ule mkubwa."

Nikafungua mdomo. Akanisogezea sahani ya tende. Nikala.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nimepiga simu asubuhi. Shikamoo, Mjomba. Marahaba. Nikamwambia nina neno juu ya ule mdogo. Akacheka, nisihofu — watauangusha upande wa ukutani, wetu hautaguswa hata kuti.

Akaniuliza nilitaka kusema nini.

Nikasema nitampigia tena. Akasema basi nisikawie, Aflah keshaleta msumeno, ila wanakunywa kahawa kwanza.

Simu iko mapajani. Kahawa ya kwao ni vikombe vitatu tu — na mimi nimekaa naandika.