Sakafu Tuliyoibomoa Pasiansi

Pasiansi, Mwanza
Mwezi wa Nane

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje unaota jua la asubuhi, na kile kikohozi kimekuachia upumue. Mama naye mpe shikamoo yangu, tena umpe kwa sauti, maana kaka Projestus aliniambia sikio lake la kushoto limezidi kuwa zito. Je, kahawa mmeshaianika? Na migomba ya kule bondeni iliyoangushwa na upepo, imechipua tena? Sisi huku ni wazima. Mkweo Gervas bado yuko kwenye kiwanda cha minofu, anarudi jioni ananuka sangara mpaka watoto wanamkimbia, lakini kazi ipo na tunamshukuru Mungu. Wajukuu zako Edina na Pius wanakua haraka. Edina sasa anataka kuvaa viatu vyangu.

Barua yako niliipata kwa mikono ya mama mmoja wa parokiani kwetu aliyekuja na meli. Uliandika kwamba unasikitika, binti uliyemsomesha mpaka kidato cha nne, aliyekuwa karani kwenye kiwanda cha nguo, leo anakaa kutwa nzima kuangalia watoto wa watu wakirushiana maji. Baba, sikukasirika. Lakini nilisema moyoni, ngoja nimweleze Baba kazi hii ni kazi gani, na yaliyonipata mwaka huu, halafu yeye mwenyewe atapima.

Unajua kiwanda kilipotupunguza nilizunguka sana. Kila ofisi ilikuwa inafunga au inauzwa. Aliyenichukua ni Bwana Magesa, Mjita wa upande wa Mara, mtu mzima, fundi wa mitambo ya meli maisha yake yote. Shirika lao nalo lilipowapunguza, wenzake walinunua mabasi na mashine za kusaga. Yeye akajenga uwanja wa maji wa watoto hapa Pasiansi. Wakati wa ujana wake alipelekwa mafunzoni ng'ambo, akaona huko watoto wakicheza kwenye sakafu yenye mabomba yanayorusha maji juu kama mvua iliyogeuzwa, hakuna kina, hakuna wa kuzama. Akarudi na picha hiyo kichwani, akaitunza mpaka nywele zikawa nyeupe.

Na huku kwetu jambo hilo lina maana, Baba. Ziwa tunaliona kutoka mlangoni, lakini mtoto akiingia anatoka na kichocho. Magugu maji nayo yamefunika ufukwe wote, huwezi kujua chini yake kuna nini. Jirani yetu mmoja alimzika mwanawe aliyenaswa humo. Kwa hiyo Bwana Magesa alipofungua uwanja, wenye maji safi ya kuchujwa, watu walimwombea baraka. Na mimi akaniweka niwe msimamizi wa watoto.

Uwanja ulikuwa mzuri kweli. Sakafu yote ilikuwa ya vigae vya buluu vinavyong'aa, ameviagiza Nairobi. Katikati kuna mabomba ya kurusha maji, pembeni ngazi yenye mteremko wa kutelezea unaoishia kwenye bwawa dogo la kufika magotini, na bwawa limezungushiwa ukingo wa zege. Jua likipiga pale, mpaka watu wazima walisimama nje ya uzio kutazama. Bwana Magesa alikuwa anavifuta vigae kwa kitambaa yeye mwenyewe kabla hatujafungua.

Tatizo ni kwamba vikilowa vinateleza kama samaki. Nilimwambia mapema, naye hakunipuuza. Alileta mikeka ya katani tukaitandika, lakini ndani ya muda mfupi ikaoza, ncha zikajikunja, watoto wakawa wanajikwaa. Tukaiondoa. Nikaanza kusugua kwa sabuni ya unga kila asubuhi nikidhani nauondoa utelezi, kumbe sabuni yenyewe inabaki kwenye vigae inazidisha. Mwisho akaandika tangazo kubwa getini: NI MARUFUKU KUKIMBIA. Tukajiona tumemaliza.

Shule zilipofungwa mwezi wa Sita alikuja mtoto mmoja anaitwa Nyanjige, msichana mdogo ambaye alikuwa hajaanza darasa la kwanza. Mama yake ni mshonaji hapa hapa Pasiansi, na bibi yake alikuwa amekuja kutoka Nansio, kule kisiwani, kutibiwa miguu. Siku hiyo mama alimwacha mtoto kwangu, akaenda mara moja kumpelekea mteja nguo. Nyanjige alicheza kwenye mabomba, akachoka, akawa anakuja kwangu kuchukua taulo lake. Baba, nilikuwa namtazama usoni. Alikuwa anatembea polepole, ananyoosha mikono kama anayepita juu ya gogo. Mguu ukaondoka mbele. Alianguka chali, kisogo kikagonga kona ya ule ukingo wa bwawa.

Hakulia. Hicho ndicho kilichonitisha. Maji yaliyomzunguka yakabadilika rangi. Nilimbeba, nikamfunga kitenge changu kichwani, Bwana Magesa akawasha gari lake dogo la mizigo, tukaenda hospitali huku namwita jina na yeye ananitazama bila kunijibu. Nilisali sala zote ulizotufundisha, nikachanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile.

Daktari alimpokea akaingia naye ndani. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, Bwana Magesa alisema taratibu, "Watoto hukimbia, Paskazia. Tangazo lipo. Hata mama yake amelisoma."

Nilielewa anachoniomba.

Mama Nyanjige akafika anahema, uzi wa cherehani bado umeng'ang'ania kwenye gauni. Akanishika mabega. "Mwanangu alikuwa anafanya nini? Alikimbia?"

Bwana Magesa alikuwa amesimama pale pale. Baba, nilimfikiria Gervas, nikafikiria ada za watoto, nikafikiria vile nilivyozunguka kutafuta kazi. Halafu nikamwona yule mtoto alivyokuwa amenyoosha mikono.

"Hakukimbia, dada," nikasema. "Alikuwa anatembea vizuri, anakuja kwangu. Sakafu yetu ndiyo iliyomwangusha."

Mama yule aliniachia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nikawaachia nyie mwanangu," akageuka akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba alimolazwa. Bwana Magesa akatoka nje bila kuniangalia. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimevaa gauni lenye damu, nikamwambia Gervas kazi imekwisha. Gervas akasema, "Ungesema uongo ungeweza kula?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi oga upumzike." Ndiyo maana huwa nakwambia Baba, uliniozesha kwa mtu hasa.

Asubuhi nilikwenda uwanjani kuchukua vitu vyangu. Geti lilikuwa limefungwa kwa komeo tu. Nikaingia, nikamkuta Bwana Magesa peku, suruali ameikunja, maji yote ameyafungulia. Alikuwa anatembea juu ya vigae vyake, mkono mmoja umeshika bomba. Akapiga hatua moja bila kushika, akateleza, akaliwahi bomba. Mzee yule alikuwa analia, Baba. Sikujua niende mbele au nirudi.

Aliponiona hakujifuta machozi. Akasema, "Miaka yote nimekanyaga sitaha za meli. Unajua sitaha inapakwaje? Rangi inachanganywa na mchanga, ili baharia asiteleze mawimbi yakija. Mimi mwenyewe nimeichanganya kwa mikono hii. Halafu nikaja nchi kavu, nikawajengea watoto kioo."

"Mzee, hukukusudia," nikamwambia.

"Sikukusudia. Lakini jana nilitaka mtoto abebe kosa langu, na hilo nilikusudia." Akanisogelea. "Amepata fahamu. Nimetoka huko sasa hivi. Ameomba chai."

Nilikaa chini pale pale kwenye maji nikalia na mimi. Nilipoinuka alikuwa ameshaleta nyundo na tindo. Kigae cha kwanza alikivunja yeye. Alikipiga, akafumba macho, akapiga tena. Baadaye aliniambia hicho ndicho kilichomuuma kuliko vingine vyote, vilivyofuata vilikuwa kazi tu.

Ilikuwa karibu Saba Saba, siku ambayo mji mzima unatoka kutembea, na alikuwa ameitegemea sana. Tuliipitisha geti limefungwa, ndani tunachimba. Alimleta fundi mwashi kutoka Igoma, anaitwa Masanja, Msukuma mcheshi anayeimba akishika mwiko. Wakanisikiliza na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeona watoto wanapita wapi, wanageukia wapi, wanasimama wapi kungoja zamu.

Tulianza na vipande vya majaribio. Cha kwanza Masanja alikipitishia ufagio wa chelewa saruji ikiwa mbichi, ikatoka na mikwaruzo. Edina na Pius wakaenda kukijaribu, hakuna aliyeteleza, lakini Pius alipopiga magoti akachubuka, akarudi ananionyesha damu. Masanja akasema, "Hii ni msasa, si sakafu." Cha pili akaweka kokoto ndogo za mviringo, zikawa nzuri ila zinauma nyayo. Cha tatu alitumia mchanga laini, akaufuta na sifongo yenye maji kabla haujakauka, ukabaki na ukali mdogo tu, kama ulimi wa ng'ombe. Hicho ndicho tulichokichagua.

Halafu sakafu nzima ikapewa mwinamo, maji yasituame, kwa sababu panapotuama ndipo panapoota utando wa kijani. Kona zote za ukingo zikafanywa za mviringo, mpaka ukipitisha mkono huoni pa kukukata. Vichwa vya mabomba vilivyokuwa vimechomoza vikazamishwa viwe sawa na sakafu. Kwenye mfereji wa kutolea maji tukaweka kifuniko chenye matundu ambayo kidole cha mtoto hakiingii. Chini ya ngazi, watoto wanapongoja zamu, tukaweka zulia la mpira wa matairi, tulilolishonesha kwa wale watu wanaotengeneza makatambuga, viatu vya matairi, kule Igoma. Tukagundua mpira mweusi ukipigwa na jua unaunguza miguu, kwa hiyo Bwana Magesa akajenga kibanda cha makuti juu yake na kuelekeza bomba moja liulowanishe muda wote. Na kwa wasio na nguvu miguuni akaweka vyuma vya kushika kutoka getini mpaka katikati.

Baba, siku hizo zote jioni nilikuwa napita kwa Mama Nyanjige. Nilipeleka ndizi, nilipeleka maziwa. Mtoto alishonwa kisogoni, akapona, daktari alisema kichwa hakina madhara. Lakini alikuwa anaogopa maji. Hata kuogeshwa kwenye beseni ni vilio, anamshika mama yake shingoni. Mama alipokea ndizi mlangoni, akasema asante, akafunga. Sikumlaumu. Bibi yule wa Nansio ndiye aliyenikaribisha ndani mara moja, mwanawe akiwa sokoni. Akaniuliza habari za sakafu mpya, kila kitu, kama wewe unavyouliza habari za shamba. Nikamweleza. Akasema, "Utaniita siku hiyo."

Tulifungua Nane Nane. Asubuhi, kabla watu hawajajaa, nikawaona wanakuja wote watatu. Bibi anatembelea fimbo, Nyanjige ameshika kanga ya bibi, mama yuko nyuma. Bwana Magesa alisimama, akavua kofia. Alimwomba mama msamaha pale pale, mbele ya Masanja na mimi, kwa maneno kamili. Mama alimsikiliza. Akajibu, "Nimesikia, Mzee," basi.

Bibi akavua kandambili. "Mimi nilizaliwa ndani ya ziwa hili," akasema, "miguu hii mibovu ndiyo iliyonitoa majini. Niacheni nijaribu kwanza." Akaniachia fimbo, akashika chuma, akaingia. Bwana Magesa akafungua maji. Yaliruka yakampiga bibi usoni, akapiga vigelegele vya peke yake, kanga imelowa chapachapa, anacheka mpaka meno machache yaliyobaki yanaonekana yote. Akapiga hatua bila kushika. Akapiga nyingine. Hakuteleza.

Nyanjige alikuwa amesimama pembeni anamtazama. Akanyoosha mguu mmoja akaugusisha kwenye sakafu, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Bibi akarudi kumpa mkono, wakaingia pamoja mpaka katikati, mtoto amekaza uso kama anayekwenda kuchomwa sindano. Bomba dogo likarusha maji, yakamtekenya tumboni, akashtuka, akacheka. Baada ya muda akamwachia bibi mkono. Sidhani kama alijua kwamba amemwachia.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi karibu yangu, hatujasemeshana. Aliangalia kwa muda mrefu. Halafu akainama, akafungua viatu vyake, akavisukuma kwangu.

"Dada Paskazia," akasema, "niangalizie viatu."

Akaenda kwenye maji.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Baba. Sikuwa na namna nyingine ya kukueleza.

Msalimie sana kaka Projestus na shemeji, mwambie asisahau kumpeleka Mama kuangaliwa sikio. Shangazi Leokadia mpe pole ya jino. Msalimie katekista wetu, na mama jirani aliyenilea ulipokuwa safarini. Wajukuu wanakusalimu, Pius anasema goti limepona. Gervas anakuinamia kwa heshima.

Mungu akulinde wewe na Mama, awape usingizi mwema na mwaka wenye ndizi.

Ni mimi binti yako unayemsikitikia, na asiyejisikitikia,

Paskazia