Kumwombea Zuhura Radhi ya Safari ya Bahari

Nalufenya, Jinja
Katikati ya mwezi wa Shaaban

Kwa shemeji yangu Bi Mwanaisha, mjane wa ndugu yangu Omari, nyumbani Mombasa.

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie kabla ya maneno yangu. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na yale magoti yaliyokusumbua wakati wa mvua yamepata nafuu. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Macho yangu yamepungua nguvu, lakini darasa la Kurani bado nalisomesha kila asubuhi. Tangu kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, baadhi ya watoto huja hawajatia kitu tumboni, kwa hiyo mke wangu Nambozo huwapikia uji kabla sijafungua msahafu. Ziwa nalo limevamiwa na magugu-maji. Ukisimama ukingoni utadhani unatazama shamba la mboga.

Umenituma kazi, shemeji, nami sitaizunguka. Uliniandikia kwamba binti yako Zuhura ameitwa na chuo chake cha Ulaya apande meli ya utafiti, itakayopita Mombasa na kung'oa nanga siku ya Idi pili, akachimbue matope ya chini ya bahari. Ukasema umemkatalia, na kwamba mimi niliyebaki mahali pa baba yake nimkataze pia ili neno liishe. Nilikusudia kufanya hivyo. Bahari ilimmeza Omari pamoja na meli yake ya shehena, isitupe hata maiti ya kuosha. Sikuona kwa nini tuikabidhi na mtoto.

Basi Zuhura alipofika kwetu Jinja tulimkirimu, akapumzika, kisha nikamwuliza mbele ya Nambozo, "Hayo matope yana nini, hata uyafuate kwenye maji yaliyomuua baba yako?"

"Hayana dhahabu, Ba' mkubwa," akasema, akacheka kidogo.

Alinieleza kwa subira, nami nakuandikia kama nilivyofahamu. Juu ya bahari, panapofika mwanga wa jua, huishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa jicho. Hujilisha kwa hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini, ile ile tunayoitoa tukipumua na inayotoka katika moshi wa viwanda. Mwani huo ukifa huzama, na mafuta yake husalia ndani ya matope kwa maelfu ya miaka. Kaboni yenyewe ina aina mbili, nyepesi na nzito, na mwani hupendelea nyepesi. Hewa hiyo ikiwa nyingi majini, mwani huchagua. Ikiwa haba, huchukua hata nzito. Wenye elimu hiyo huyapima mafuta yaliyosalia, wakakadiria bahari ya kale ilikuwa na hewa hiyo kiasi gani, ili wafahamu moshi wa leo unatupeleka wapi.

Sikuwa nimeelewa sawasawa. Nambozo, ambaye ni Mgisu wa Mbale na Kiswahili chake unakijua, alikuwa akimenya ndizi.

"Hiyo mwani iko kama sisi wakati ya magendo, ile vitu ilipotea dukani," akasema. "Sukari ikiwa mingi, unachagua. Ikipotea, unakunywa chai na kipande ya muwa mudomoni. Mutu akichimba shimo yetu ya takataka, atakuta makapi ya muwa, atajua njaa ilipita hapa."

Zuhura akapiga makofi. "Mama mkubwa, twende ukatufundishie!"

"Kwa meli? Mimi hata mutumbwi ya hapa naogopa."

Tulicheka sote, lakini swali langu lilikuwa bado limesimama. Nikamwambia kwamba matope yanaweza kuchimbuliwa na wengine, yeye akayapokea nchi kavu.

"Yanaweza," akajibu. "Lakini mwani unaokua upesi hudanganya kipimo. Nao huacha kuchagua, ukafanana na wenye njaa. Lazima tuuteke ulio hai pamoja na maji yake, tuone unavyochagua leo, ndipo tuweze kuusemea uliokufa. Kazi hiyo ndiyo yangu. Nikataze, Ba' mkubwa. Mama asiporidhia sipandi meli. Ila usiniambie ni kazi ya bure."

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Mbale, kwa kuwa kila mwaka kabla ya Ramadhani Nambozo husafisha kaburi la baba yake. Tulipitia sokoni. Watu wa huku Kiswahili walikisikia zaidi vinywani mwa askari, na Zuhura alipouliza bei ya vitunguu kwa Kiswahili chenu cha Mombasa, mwenye kuuza alirudi nyuma.

"Afande, mimi sina makosa!"

"Huyu hapana afande," akasema Nambozo. "Ni mutoto yangu."

"Basi ni afande ya kuimba. Musikie, anaongea tamu!" Akamwongezea vitunguu viwili.

Kule Mbale wafu huzikwa nyumbani, nyuma ya nyumba kando ya migomba. Nambozo alichutama akang'oa magugu, huku akimpa baba yake habari za nyumba: nani kaolewa, ng'ombe yupi kazaa. Zuhura alimsaidia kitambo, kisha akasita, magugu yamo mkononi.

"Mama mkubwa, wewe una mahali pa kupalilia," akasema. "Mama yangu kila Idi, watu wakienda makaburini, huvaa, akajitanda buibui, akatoka mpaka mlangoni. Halafu hana pa kwenda. Hurudi ndani akavua."

Shemeji, miaka yote hii hukutuambia hilo, nasi hatukuuliza.

Nambozo alimshika mkono. Mimi nikamwuliza mtoto kama ni kwa ajili ya baba yake anaifuata bahari.

"Hapana," akasema, akifuta uso. "Kazi hii ningeipenda hata kama Baba angekuwa hai. Lakini nikiwa pale juu ya maji, sitajifanya simjui aliye chini."

Nimeswali, nikamwomba Mola anionyeshe njia, na moyo wangu haukubali kumkataza. Sikufichi kwamba meli ni meli na bahari ni bahari. Dhamana ya uhai sinayo. Wala siwezi kutoa radhi mahali pako, kwa kuwa mama ni wewe. Ninakuomba tu. Tulidhani chini ya bahari ndiko vitu vinakopotelea. Mtoto wetu anasema kinachoanguka kule hukaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka aje mwenye kukiuliza. Nami ninayesomesha kwamba hakuna kinachompotea Mola, nilifarijika kulisikia hilo kutoka upande wa matope.

Nisalimie dada yangu mkubwa, umwambie dawa ya macho aliyonitumia imefika. Msalimie mama yako mzazi, na mjomba wake Zuhura fundi cherehani, na jirani yako wa ukuta mmoja ambaye hukuletea maji. Nambozo anakusalimu sana. Amekufungia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani kwao, na Zuhura ameonyeshwa namna ya kuyapika.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Usiporidhia, mkumbatie, naye atabaki, wala hutasikia lawama kutoka kwangu. Ukiridhia, jua kwamba nimemfundisha dua ya kuzuru makaburi, na ameihifadhi. Siku ya Idi pili vaa kama desturi yako, ujitande buibui, utoke. Usiishie mlangoni, shemeji. Msindikize binti yako mpaka bandarini, kwa maana atakuwa wa kwanza katika nyumba yetu kufika kaburini kwa Omari.

Ni mimi shemeji yako, nikuombeaye kheri katika kila sala,
Maalim Athumani bin Kombo