Seli Zako na Mwali Wetu

Mdogo wangu Zuhura,

Huku Kibiti hatujambo, na mashine yangu ya kukoboa mpunga inanguruma tangu asubuhi. Ila nina donge nawe, acha nilitoe kwa raha zangu.

Unakumbuka tulivyolinda ndege kule Chumbi, juu ya dungu la miti shambani? Mimi nagonga debe, wewe umelala kifudifudi unachungulia matumbo ya panzi uliyempasua.

"Kaka, chakula kinapitaje hapa?"

"Kinapita wakati ndege wanamaliza mpunga wa baba!"

Tukachapwa wote. Leo unalipwa kwa swali lile lile. Mimi nilichapwa bure.

Ulipokuja likizo ulitueleza kazi yako, mama akikamua tui. Maabara yenu huko Ulaya inakuza seli zilizotoka kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo mpana wa mgonjwa. Unaziotesha juu ya utando mwembamba wenye vitundu, na kwa wiki tatu zinashikana na kuwa, ajabu yake, kama ukuta wa utumbo mwembamba. Dawa unaiweka juu, halafu unapima iliyopenya chini. Kwa seli hizo hizo mnaichunguza na saratani yenyewe.

"Kama kifumbu changu cha kuchujia tui," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Ila changu ki hai, kinachagua cha kupitisha."

Nikauliza, "Saratani aliyougua mtu ndiyo itufundishe dawa?"

Ukacheka. "Adui tumempa kazi, kaka."

Nilijivuna nawe mpaka Ikwiriri. Kisha ikaja siku ya kumtoa mwali wangu wa kwanza, Salma, baada ya kufundwa ndani. Kwetu mwali hatoki bila shangazi, na shangazi ni wewe peke yako. Ukapiga simu posta: seli ziko wiki ya pili, zinabadilishiwa chakula kila baada ya siku moja, ukiziacha zinakufa. Jirani akakalia mkeka wako. Mama naye mbele ya wageni: "Hao wanawali wake wa kwenye chupa, nani atawapigia ngoma?" Watu wakavunjika mbavu. Mimi pilau halikupita.

Sasa mdogo wa Salma, Mwajuma, amemaliza darasa la saba, na zamu yake imefika. Nimepiga hesabu, maana hesabu ndiyo shule yangu. Wiki tatu za seli, siku chache za vipimo, wiki moja ya safari: mwezi na ushei. Nikampelekea mama.

"Mwezi ndani ni kitu?" akasema. "Sisi tulikaa mpaka tukawa weupe."

Basi tumekubaliana: Mwajuma ataingia ndani siku ile utakayootesha seli zako, si kabla. Zikikomaa, zipime. Usianze nyingine, panda ndege.

Mtoto mwenyewe tumemwambia. Anasema yuko radhi, hata iwe miezi miwili, "mradi shangazi awe shangazi, si mama wa jirani."

Nimekukumbuka, Zuhura, donge na yote. Piga simu useme neno moja tu, kwamba umeotesha. Hapo tutafunga mlango.

Kaka yako,
baba Salma na Mwajuma