Mgomba Waliomzikia Gaspa

Suguti, Musoma Vijijini
Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa na si umeinama kwenye kahawa, ingawa najua hata nikikusihi mara mia hilo goti hutalipumzisha. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka, au ulimgawia shangazi? Sisi huku ni wazima wa mwili. Watoto wanakula, mama mkwe yupo, Mafuru yupo. Ya moyoni ndiyo nataka kukueleza.

Ila vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe baba mdogo, maana ataisoma kwa sauti mpaka watu wa mashineni wasikie. Tangu juzi nimekupigia mara mbili nikaishia kuulizia mvua, kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza. Ndiyo maana naandika, na naituma kwa basi ikufikie upesi.

Uliniuliza watu wa huku wanasemaje kuhusu Gaspa. Najua huko Mbinga redio ilipomtaja kuwa kocha wa timu ya taifa mlipiga vigelegele na padri akamwombea. Huku, mama, hawamtaki. Hawamtaki hata kumsikia. Cherehani yangu iko barazani, inatazamana na banda la mpira, kwa hiyo sikosi neno. Siku ile ile alipotangazwa walianza.

"Hii nchi imeishiwa watu? Mwalimu wa sekondari ndiye wametuletea?"

"Amechezeaga timu gani huyo? Mimi simjui!"

Hata wanawake. Mteja mmoja nampima kiuno, ananiambia, "Kama ni kusimama pale na kupunga mikono, si hata mimi naweza?" Nikamchoma na pini. Sikukusudia sana.

Hakuna aliyejua ni kaka yangu, isipokuwa Mafuru na mama mkwe. Gaspa alifika hapa mara moja tu, kwenye msiba wa Masatu, mdogo wake Mafuru. Wakati ule alikuwa mwembamba, hana ndevu, na watu walimwita shemeji wa Mafuru basi. Nami sikusema kitu. Nilinyamaza kama mwoga, nikawa nashona huku natukaniwa kaka.

Aliyeniumiza kuliko wote ni Mafuru, mume wangu. Mwanzoni alikaa kimya. Wenzake wakamtania kwamba kimya chake kina jambo, akaogopa, na kwa kuogopa akawa anapiga kelele kuwashinda wote. Ilipofika wiki ya pili ndiye anaongoza. Halafu anarudi nyumbani, anakula sato niliyemkaanga mimi.

"Ni utani wa mpira tu, mama Neema."

"Utani na shemeji yako?"

Akaendelea kuchambua miiba. Mtu ambaye siku ya ndoa alipiga magoti mbele ya Gaspa! Nilimchukia, mama, naandika hivyo hivyo.

Kisha ikaja mechi ya kwanza, wakafungwa tatu bila, hapa hapa nyumbani. Nisikufiche, hata mimi nilimkasirikia. Yule mshambuliaji anayependwa na nchi nzima alimwacha benchi kwa nini? Lakini mimi nikimkasirikia ni kaka yangu.

Jumamosi iliyofuata Manyama, mwenye banda, aliniletea vipande viwili vya kitambaa cheupe. "Niunganishie, shemeji, nataka kutengeneza bango." Nikaunganisha. Nikapiga na pasi kabisa.

Jumapili tumetoka kanisani, mimi nikatangulia na watoto, mama mkwe akabaki kusalimia wenzake. Nikasikia vilio vya msiba upande wa banda. Nikaenda mbio. Nikakuta wanaume wazima wameshika vichwa wanalia kwa kuigiza, wengine wanacheka mpaka machozi, na wanne wamebeba kitu kirefu mabegani kuelekea shimo walilochimba kando ya banda. Kimefungwa kile kitambaa changu. Kwa mkaa wameandika KOCHA GASPA. Ndani ni mgomba, na mgomba ule umekatwa nyuma ya jiko letu. Aliyeshika mbele ni Mafuru.

Mama, ni lazima nikueleze hili ulielewe. Hapa ziwani mtu akizama na mwili wake usipatikane, familia inazika mgomba kwa jina lake ili apumzike. Masatu walimzika hivyo. Alitoka kuvua na hakurudi, wakamtafuta wiki nzima, wakakata tamaa, wakazika mgomba. Sasa hawa wa banda walikuwa wanaimba kwamba kocha kazama na timu yetu, maiti haijaonekana, tumzike. Waliona ni mzaha mtamu. Hakuna aliyekumbuka ni nani anaishi hatua chache kutoka pale.

Mama mkwe alisikia vilio akiwa njiani. Yeye hakujua kama ni mzaha wa mpira. Alikuja anakimbia, khanga kajifunga kiunoni, Biblia imemtoka mkononi, anauliza, "Ni nani? Ni nani amebaki majini?"

Walicheka, mama. Walimcheka.

Mmoja akamwambia, "Hakuna aliyezama, bibi. Tunamzika kocha."

"Kocha gani?"

"Gaspa."

Akamtazama Mafuru. Akaukanyaga ule udongo waliouchimba, akakaa juu yake kama tulivyokaa siku ya Masatu, miguu kainyoosha. Kicheko kikaanza kufa. Wao, kwa kutojua wafanye nini, wakauteremsha mgomba shimoni na kuumwagia udongo kidogo.

"Mafuru. Siku tunamzika mdogo wako, mbele alishika nani?"

Mafuru akainamia shimo, akajifanya anasawazisha udongo.

"Nakuuliza wewe. Mimi nilikuwa nimekaa, nilikuwa naona. Mbele alishika nani?"

"Shemeji."

"Anaitwaga nani huyo shemeji?"

Nikaona hili jina akilimeza tena, mimi si mtu. Nikasogea nikasema, "Anaitwa Gaspa. Ni kaka yangu wa tumbo moja. Na hicho kitambaa nimekishona mimi."

Wale wanaume walinitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimefika Suguti. Manyama akavua kofia. Wengi wao siku ya Masatu walikuwepo, walimwona Gaspa kasafiri siku mbili, hajalala, anabeba mgomba wa mtu ambaye hawakuzaliwa pamoja.

"Fukua," mama mkwe akamwambia mwanawe. "Na usishike jembe. Hii mgomba tunazikaga tukiwa tumelia kweli."

Akafukua kwa mikono, akipiga magoti, Manyama akamsaidia. Usifikiri wamempenda mwanao kwa ajili hiyo. Wakati naondoka nilimsikia mmoja nyuma yangu, "Sawa, lakini tatu bila ni tatu bila." Leo asubuhi wameanza tena kumtukana, ila wanashusha sauti nikipita.

Nilidhani yameisha. Mama mkwe akasema bado. Jina limeshaliliwa, na mwenyewe hakuitika. Lazima aitwe na mtu wake, aitike kwa mdomo wake, kabla hajavuka maji, la sivyo maji yatamchukua kweli. Mafuru akapiga simu pale pale, mikono imejaa tope. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mama mkwe alikuwa anaisikiliza ile sauti ya simu huku katazama ziwani, akaanza kulia, safari hii hakuna aliyecheka.

Najua Gaspa ile namba ameizima kwa sababu ya matusi. Na redio imesema Jumamosi timu inapanda meli kwenda Unguja kuweka kambi.

Mimi ni mwanakwaya, mama, na ulinilea nisiamini mambo kama haya. Lakini tangu Jumapili sijashona mstari ulionyooka.

Wewe peke yako una namba yake mpya. Usinipe, maana Mafuru akiiona itafika bandani. Mpigie kabla ya Jumamosi. Mwite jina lake lote, kwa ile sauti uliyomwitia akichelewa mpirani na ugali umepoa. Usimwambie habari za mgomba, yaliyompata yanatosha. Akiuliza kwa nini umepiga, mgombeze kuhusu yule mshambuliaji.

Nisalimie baba mdogo na kelele zake, shangazi anayekusaidia kuchuma, na mwalimu wangu wa kwaya. Mama mkwe anakusalimu kama dada yake. Mafuru naye kaniomba niandike kwamba anakusalimu. Nimeandika. Kumsamehe bado.

Kile kitambaa hatujakifua wala kukitupa. Mama mkwe amekikunja na jina likiwa ndani, kakiweka juu ya sanduku lake, anasubiri. Ukishampata, nitumie ujumbe wa neno moja tu: kaitika. Nitakifua siku hiyo hiyo.

Binti yako,
Osmunda