Zamoyoni wa Kwanza Kwenye Orodha

Jumatano, mchana. Ukungu umeushika Uluguru tangu asubuhi, na hapa Morogoro mjini kuna manyunyu yasiyokata wala kukolea. Sijala. Nimefanya uzembe, na mtu ambaye kwa kawaida ningemweleza hapa nyumbani ndiye ninayemwogopa.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Ukoo wetu ulipotaka orodha ya ndugu, nikajidai kuitengeneza kwa Python, lugha ya kuandikia programu, badala ya kuandika kwenye daftari kama binadamu wenzangu. Niliingiza majina nyumba kwa nyumba: kwanza sisi wa mjini, kisha nyumba ya Bibi, kule Matombo milimani. Bibi aliitwa Zamoyoni. Mdogo wangu ninayeishi naye, binti wa miaka kumi na tisa, alipewa jina lake.

Bibi alipofariki nikaambiwa nimtoe. Python inakuja na amri zake tayari, huna haja ya kuziunda, nami nazipenda kwa sababu ni mvivu. Nikaandika remove, yaani ondoa, nikaipa jina Zamoyoni, nikabonyeza. Wanafunzi ninaowafundisha huwa nawacheka kwa kosa hilihili. Remove haiulizi Zamoyoni yupi. Inaanzia juu, inamtoa wa kwanza inayemkuta, basi.

Wa kwanza alikuwa mdogo wangu.

Nikachapa karatasi bila kuikagua, na Jumamosi, kwenye arobaini kule Matombo, Mjomba akaisoma. Kwetu siku hiyo mjomba huwaita waliobaki, nyumba baada ya nyumba. Ukiitwa unapakwa unga kwenye paji la uso, kisha unaketi na watu wa nyumba yako. Tukaitwa Mama, kaka na mimi. Mdogo wangu hakuitwa, nikadhani Mjomba karuka mstari. Alipofika nyumba ya Bibi akasoma, macho yakiwa kwenye karatasi: "Zamoyoni." Uani watu wakatazamana. Mdogo wangu akaitika, akaenda akapakwa, akaketi kwenye mkeka wa Bibi.

Jumatatu asubuhi nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, akitazama mlima dirishani. Kila siku huniamkia kabla sijavaa kandambili. Safari hii alinitazama tu, akisubiri. Nikajikuta nimemwambia shikamoo.

"Marahaba," akaitikia. Hakucheka.

Jana aliniagiza ugoro, mtoto ambaye hata moshi wa sigara unamtapisha. Na akitembea anaegemea ukuta, anauburuta mguu wa kushoto. Ndio mguu uliokuwa ukimsumbua Bibi.

Leo asubuhi nikaisahihisha orodha. Nikamrudisha nyumbani kwetu kwa insert, inayokuruhusu kuchagua mahali pa kuliweka jina, kisha nikamtoa Bibi kwa namba ya mstari wake. Nikakagua mara tatu. Kila mtu yuko mahali pake. Nikatoka kwenda kumwangalia mdogo wangu, nikamkuta bado kaegemea ukuta.

Ikabidi nimpigie Mjomba, nikakiri yote.

"Ya kwenye mashine umeitengeneza, mpwa wangu," akasema. "Lakini mimi nilishamwita. Na yeye aliitika."

Akaniagiza nimpeleke kesho, ili amwite upya pamoja na nyumba yetu, mbele ya watu. Nikamuuliza kama hilo litatosha. Akasema hajui, maana halijawahi kutokea.

Nikaenda kumwambia mdogo wangu ajiandae kwa safari. Khanga zake zilikuwa zimeshafungwa furushi, limewekwa mlangoni. Akanishukuru, akasema amechoka kukaa ugenini.

Amezaliwa nyumba hii. Tunalala chumba kimoja.

Naogopa, siwezi kusema vingine. Alfajiri tunapanda Matombo, na huko kuna Zamoyoni mmoja kaburini na mwingine nitakayekwenda naye. Kushuka, nitashuka na nani?