Mandera hadi Homa Bay, Nusu ya Safari

Adongo, pacha wangu,

Unakumbuka kule Muhuru Bay, tukianika omena na mama, kandege kadogo kakipita juu ya ziwa? Uliniuliza kanaenda wapi. Kwa kuwa nilikutangulia kuzaliwa, nilijifanya najua. Nikasema Mandera, jina la mbali kuliko yote niliyoyasikia darasani. Ulicheka wiki nzima serikali iliponipeleka huko kweli, muuguzi wa wodi ya wazazi.

Ni kilomita elfu moja kasoro kidogo kutoka hapa hadi uwanja wa Kabunde, hapo Homa Bay. Ndege ingekata moja kwa moja, ingechukua kama saa mbili. Ila hakuna inayokata moja kwa moja. Unashuka Nairobi, unalala, kisha unatafuta nyingine. Nilipokueleza hayo ulisema, "Basi hatuko mbali. Tuko saa mbili tu." Tukaishi hivyo miaka minne.

Moyo wako ulipovimba, shemeji Owino alinipigia kwamba umelazwa Homa Bay. Niliomba ruhusa ya siku tatu, nikamwachia mwenzangu mmoja wodi nzima, nikaruka. Nairobi nililala kwa binti wa shangazi. Asubuhi, nikiwa uwanjani na tiketi ya Kabunde, ulinipigia mwenyewe.

"Apiyo, nimetoka hospitali. Niko nyumbani Kosele, nakula. Rudi kwa wagonjwa wako, utakuja Disemba tukae vizuri."

Nyuma yako kulikuwa na mlio, pip, pip, pip. Mlio huo wa mashine za wodini naufahamu, ndiyo kazi yangu. Nikajiambia ni simu ya mtu. Pumzi yako ilikatika katikati ya maneno, nikajiambia ni mtandao. Mwenzangu wa Mandera alishanitumia ujumbe mara mbili akiniomba nirudi. Nikabadilisha tiketi, dada. Nilikuwa nimebakiza dakika kama arobaini na tano angani, nikageuka.

Nilipotua Mandera na kuwasha simu, nilikuta shemeji amenipigia mara kumi na moja.

Baadaye alinieleza kwamba hukuwahi kutoka kitandani. Ulimkataza kuniambia, ukasema kuna akina mama wananitegemea. Sikumlaumu. Yeye hakujua mlio ule ungeniambia nini. Mimi nilijua.

Matangani watu walinitazama usoni wakakuona wewe, wakaanza kulia upya. Mama hawezi kunitazama mpaka leo.

Wiki iliyopita barua ya uhamisho niliyoiomba miaka yote hii ilifika. Wananipeleka Homa Bay. Kutoka hapo hadi kaburini kwako haifiki saa moja kwa gari. Kila mtu hapa ananipongeza, nami sijaijibu. Nikija, nitapita kila siku mbele ya wodi ulimonipigia simu. Nisipokuja, nitakuwa nimegeuka mara ya pili.

Sijui nifanye nini, Adongo. Sijawahi kuamua jambo peke yangu. Tulikuwa wawili hata kabla hatujazaliwa.

Pumzika, mwenzangu wa tumboni.

Pacha wako aliyebaki,
Apiyo