Jina la Mwisho kwenye Orodha

Jumatatu, 3 Oktoba

Wageni wa mwaka wa kwanza wamefika! Nimepewa sita, mimi ndiye dada yao mlezi. Na fulana ya njano tumepewa, inanibana kwapani. Kutwa nzima nimewazungusha: maktaba, zahanati, foleni ya vitambulisho. Sauti imenikauka. Si bure wananiita Chiriku, hata walimu.

Mmoja kavaa masweta mawili, na jua lote lile! Wenzake wameshampa jina: Masweta. Anacheka nao tu. Nikamwambia avue moja, atayeyuka. Nimezoea, dada, akasema.

Wakaniuliza kama nina ndugu hapa chuoni. Sina, nikasema. Mwaka wa tatu huu nasema sina. Wakijua mkuu wa usajili ni baba yangu, basi, kila alama nitakayopata itakuwa ya baba.

Raha yangu ni bweni. Miaka miwili nimesoma nikitokea nyumbani, mwaka huu jina limetoka. Bahati iliyoje!

Jumatano, 5 Oktoba

Mjinga mimi. Mjinga!

Nimemkuta Masweta kwenye bafu la bweni letu anafua kola, begi mgongoni. Anafua na begi mgongoni! Nikamtania: nani atakuibia, sisi? Yakamtoka. Hana kitanda. Analala sebuleni kwa binamu ya mama yake, mwisho wa mji, na mume wa pale kashasema mwisho Jumapili. Masweta yote mawili anayavaa kwa sababu hana pa kuyaacha. Asipopata bweni, arudi kwao aahirishe mwaka.

"Na nikirudi, dada, nani atanitoa tena?"

Nami nilimwambia avue! Nililia kidogo, nikajifuta kwa fulana ya njano. Tukaandika barua ya rufaa. Nikamwahidi kitanda atapata. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 6 Oktoba

Barua imefika kwa matroni. Tusubiri, kasema. Tunasubiri. Nimempa Masweta nusu ya kabati langu, kakataa, kaona haya.

Ijumaa, 7 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda wote wawili. Matroni ni mpya, wiki ya pili hii, bado hajatujua kwa majina. Mama mpole. Akatufungulia faili lenyewe tusije tukadhani ana hila. Masweta ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Wa kwanza! Ungekuwa umeshapata, mwanangu, akamwambia. Kilibaki kitanda kimoja, likaletwa jina kutoka juu, tena la mtu mwenye kwao hapa hapa mjini.

Akaweka kidole mstari wa mwisho. Majina mengine yote yamepigwa chapa, hilo limeandikwa kwa kalamu ya kijani.

Jina langu. Mwandiko wa baba.

Masweta akalisoma kwa sauti, lote, pamoja na la babu. Yeye ananijua kwa Chiriku tu. Nikajitia kutafuta kitu mkobani.

"Huyu naye labda ana shida zake," akasema.

Heri angetukana.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimekwenda nyumbani. Dakika ishirini kwa miguu! Chumba changu kiko vilevile, mama kanitandikia shuka safi, kama vile nalala pale.

Baba alikuwa anamenya chungwa. Nikamuuliza. Hakukana. Si wewe uliyesema unataka kukaa na wenzako, ujitegemee? Kweli nilisema. Tena nilinung'unika mwezi mzima. Akanigawia chungwa, ameshatoa mbegu, kama nilipokuwa na miaka mitano. Nampenda baba yangu, na nilitaka kumpigia kelele. Nikala chungwa nalia.

Nikamweleza habari za Masweta, nikasema narudi nyumbani, kitanda apewe wa kwanza kwenye akiba. Akanyoosha mkono achukue kalamu. Hapana, baba, nikamwambia. Nitajaza fomu kama watu wengine.

Akaniangalia sana. Halafu akauliza: na huyo binti anajua?

Jumapili, 9 Oktoba

Fomu imekubaliwa. Matroni alisoma jina, akanitazama, akagonga muhuri. Bora angenisema.

Saa nane Masweta kaja na begi lake. Alivyokiona kitanda! Kavua sweta la kwanza, kalitundika msumarini. Kavua la pili. Kumbe ana mabega madogo hivyo. Akanikumbatia, akalia, akasema Mungu ambariki huyo aliyetoka. Nikaitikia amina. Amina, mimi!

Ndipo akaliona sanduku. Unasafiri, dada? Naenda nyumbani, nikasema. Kang'ang'ania atanisindikiza mpaka mlangoni kwetu, sanduku abebe yeye. Kashuka kumwomba matroni ruhusa.

Naandika haraka kwenye meza ambayo si yangu. Mama aliandika jina langu kamili ubavuni mwa sanduku, herufi kubwa, lisije likapotea. Asubuhi niliugeuzia ukutani ubavu huo.

Namsikia kwenye ngazi, anaimba. Anapanda mbilimbili.

Nimeligeuza tena. Jina linatazama mlango. Mungu wangu, kafika